Kawaida ni kama Sheria: Lugha ya Kurasa za Mtandao na Suala la Usanifishaji

1. Utangulizi

Mtu anayetengeneza kurasa za mtandao hukutana na kero moja kila siku: ukurasa uliopangwa vizuri katika kivinjari kimoja huvurugika katika kingine. Safu iliyokuwa upande wa kushoto huporomoka chini; kitufe kilichokuwa kikifanya kazi hakijibu tena; maandishi huingiliana na picha. Naye msomaji wa ukurasa huo, asiyejua lolote kuhusu utengenezaji wake, hushauriwa abadili kivinjari au anunue simu mpya. Aghalabu kero hii huelezwa kuwa ni ubovu wa mashine au uzembe wa mafundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba asili yake ni suala la lugha, tena suala ambalo wanafunzi wa isimu wanalifahamu vema: ni nani mwenye mamlaka ya kusema lipi ni sahihi na lipi ni kosa, na ni nini hutokea pale kanuni iliyoandikwa inapoachana na matumizi.

Suala hilo si geni kwa wataalamu wa Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakabidhiwa kazi ya kusimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Hata hivyo, katika miji ya mashariki na kusini mwa Kongo watu wameendelea kusema «banasema» pale vitabu viandikapo «wanasema», na hakuna kamati iliyoweza kuwazuia. Historia ya lugha ya kurasa za mtandao ni fupi, na hatua zake zimehifadhiwa kwa maandishi tangu mwanzo. Kwa hiyo mvutano wa kanuni na matumizi unaweza kufuatwa humo karibu mwaka kwa mwaka.

2. Lugha yenye wasikilizaji wachache

Lugha inayohusika hapa huitwa HTML. Ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva. Alitoa pendekezo lake la kwanza mwaka 1989, na mwaka 1990 akaandika kivinjari cha kwanza. Msingi wa lugha hiyo ni mwepesi. Mwandishi huandika matini yake ya kawaida, kisha huizungushia alama zinazoeleza kila sehemu ni kitu gani: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Alama moja hufungua, nyingine hufunga. Kivinjari huzisoma alama hizo, kisha huuchora ukurasa kwenye kioo cha kompyuta au cha simu.

Lugha hii inatofautiana na lugha za wanadamu kwa jambo moja kubwa. Katika lugha ya wanadamu, wasemaji ndio wasikilizaji. Katika HTML waandishi hawana idadi, lakini wasikilizaji ni wachache mno, kwa maana kila kivinjari husikiliza kwa niaba ya mamilioni ya watu. Neno likieleweka kwa msikilizaji huyo, ni neno. Lisipoeleweka, hata kama kitabu cha kanuni kinaliruhusu, halifai kitu. Mamlaka juu ya lugha yako mikononi mwa anayesikiliza. Jambo hili ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Aidha, wasikilizaji wa kwanza walikuwa wapole. Mwandishi aliposahau kufunga alama, kivinjari hakikukataa ukurasa; kilikisia makusudio yake na kuendelea. Desturi hiyo ilipatana na shauri ambalo mwanasayansi Mmarekani Jon Postel alikuwa amekwisha kulitoa mwaka 1980 kuhusu mawasiliano ya kompyuta: kila upande uwe mwangalifu katika yale unayoyatuma, na mkarimu katika yale unayoyapokea. Upole huo ulikuwa na faida isiyopimika. Mwanafunzi, karani au mfanyabiashara aliweza kuandika ukurasa bila kupitia shule yoyote ya ufundi. Ila ulikuwa na hasara pia: kila kivinjari kilikisia kwa namna yake chenyewe, na hapakuwa na mahali palipoandikwa jinsi ya kukisia.

3. Lahaja mbili

Mwaka 1993 kivinjari Mosaic kilitoka katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka uliofuata baadhi ya watengenezaji wake wakaanzisha kampuni ya Netscape. Mwezi wa Agosti 1995 kampuni ya Microsoft ikatoa Internet Explorer. Wakati huohuo Berners-Lee alikuwa ameanzisha W3C, mwezi wa Oktoba 1994, ili iwe baraza la kutunza kanuni za lugha hiyo.

Kanuni zilichelewa. Toleo la pili la HTML lilipotangazwa rasmi mwezi wa Novemba 1995, makampuni yalikuwa yamekwisha kuongeza alama zake bila kungoja ruhusa. Netscape ilileta alama ya kuyafanya maandishi yawakewake kama taa mbovu. Microsoft ilileta ya kuyafanya yatembee kutoka upande mmoja wa kioo hadi wa pili. Kila kampuni ilitaka waandishi waizoee lahaja yake, ili wasomaji nao walazimike kutumia kivinjari chake. Kurasa nyingi za miaka hiyo zilibeba tangazo la kumwambia msomaji kwamba ukurasa huonekana vizuri zaidi katika kivinjari fulani. Wahenga walisema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi walikuwa waandishi wa kurasa, ambao mara nyingi iliwapasa kuandika jambo lilelile mara mbili.

Mfano mmoja watosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Mwezi wa Desemba 1996, W3C ilitangaza CSS, lugha ya pili inayoeleza sura ya ukurasa: rangi, ukubwa wa herufi, upana wa safu. Katika lugha hiyo kila sehemu ya ukurasa ni sanduku. Tuseme mwandishi ameandika kwamba sanduku lina upana wa nukta 200, nafasi ya ndani ya nukta 20 kila upande, na ukingo wa nukta 5 kila upande. Kwa mujibu wa W3C, nukta 200 ni za yaliyomo peke yake. Nafasi na ukingo huongezwa juu yake, hata sanduku zima likawa na nukta 250. Internet Explorer toleo la 5 lilielewa vingine: nukta 200 ni za sanduku zima, na yaliyomo hubakiwa na nukta 150. Neno ni lilelile, maana ni mbili. Tofauti ya nukta 50 katika ukurasa wenye safu tatu yatosha kuiangusha safu ya tatu chini ya zile nyingine.

Suluhisho lililopatikana lina mafunzo yake. Tangu mwaka 2000, kwa kuanzia na Internet Explorer 5 ya kompyuta za Macintosh, vivinjari vilianza kuutazama mstari wa kwanza wa ukurasa. Mwandishi aliyetangaza hapo kwamba anafuata kanuni alisomwa kwa kanuni. Asiyetangaza alisomwa kwa mazoea ya zamani, pamoja na makosa yake yote. Kwa maneno mengine, msikilizaji alijifunza lahaja zote mbili, kwa kuwa kurasa za zamani hazikuweza kuandikwa upya. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba CSS baadaye ilimruhusu mwandishi achague mwenyewe namna ya kupima sanduku, na mafundi wengi wa leo huchagua ile iliyowahi kuitwa kosa la Microsoft, kwa sababu ni rahisi kuikokotoa.

4. Majina ya kuazima na kosa lililokuwa kanuni

Kivinjari kinapoomba ukurasa kutoka kwenye seva, hujitambulisha kwa jina. Netscape ilijitambulisha kwa jina «Mozilla». Kwa kuwa Netscape iliweza kuonyesha kurasa zilizogawanywa katika vyumba, na Mosaic haikuweza, wenye seva wakaamua kwamba ajiitaye Mozilla apewe ukurasa wenye vyumba, na mwingine apewe ule wa kawaida. Internet Explorer ilipopata uwezo huohuo, ilikuta inanyimwa kwa sababu ya jina lake. Ikaanza kujiita Mozilla, kisha kutaja jina lake halisi ndani ya mabano.

Waliofuata walifanya vivyo hivyo. Safari ya kampuni ya Apple, iliyotangazwa mwaka 2003, ilijiita Mozilla, ikaongeza kwamba yafanana na Gecko, yaani mtambo wa ndani wa vivinjari vya Mozilla. Chrome ya Google, iliyotoka mwaka 2008, ilijiita Mozilla, ikataja Gecko, ikataja Safari, na katikati ikaweka jina lake yenyewe. Kila mmoja hufika mlangoni akitaja ukoo usio wake ili afunguliwe. Jina, ambalo kazi yake ilikuwa kutofautisha, limegeuka kuwa nywila ya kupitia mlango, na fundi anayetaka kujua msomaji wake anatumia kivinjari gani sharti afumbue kitendawili.

Mfano wa pili ni wa tahajia. Msomaji anapobofya kiungo, kivinjari huiarifu seva ukurasa aliotoka. Habari hiyo hupelekwa chini ya neno la Kiingereza ambalo kamusi huliandika kwa herufi r mbili katikati: «referrer». Aliyelipendekeza kwa ajili ya itifaki ya mtandao aliandika «referer». Kosa halikugunduliwa mapema, likaingia katika waraka rasmi wa mwaka 1996, na tangu hapo likawa ndiyo tahajia sahihi. Programu inayoandika neno hilo kwa usahihi wa kamusi haieleweki. Kanuni iliyotungwa miaka mingi baadaye kuhusu jambo hilohilo ilitumia tahajia ya kamusi, hata leo maumbo yote mawili yako katika matumizi, na fundi hana budi kukumbuka lipi ni la wapi. Kawaida ni kama sheria; na hapa kawaida hiyo ilizaliwa na kosa la kalamu.

5. Ukali ulioshindwa

Mwishoni mwa miaka ya 1990 W3C iliona kwamba fujo imezidi. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa ukali. Mwezi wa Januari 2000 lilitangazwa toleo jipya, XHTML, lililotungwa juu ya msingi wa XML, lugha isiyovumilia kosa. Katika lugha hiyo kila alama iliyofunguliwa sharti ifungwe, na kwa utaratibu wake. Kosa moja likipatikana, kivinjari kisikisie: kisimamishe kazi na kuonyesha ujumbe wa kosa mahali pa ukurasa.

Wazo hilo lilikuwa na mantiki, lakini lilisahau ni nani mwenye mamlaka katika lugha hii. Internet Explorer, iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi kupita vivinjari vyote vingine kwa pamoja, haikuweza kusoma XHTML kwa namna yake halisi hadi toleo la 9 la mwaka 2011. Kwa hiyo waandishi wengi waliandika XHTML, kisha wakaipeleka kwa msomaji ikiwa na jina la HTML ya kawaida. Vivinjari vikaisoma kwa upole uleule wa zamani. Kanuni kali ilifuatwa kwa sura tu. Kivinjari ambacho kingethubutu kuzikataa kurasa zenye makosa kingekuwa cha kwanza kukimbiwa na wasomaji, kwa sababu msomaji ataka kusoma habari yake, hana haja ya kujua ni nani aliyesahau kufunga alama. Toleo la pili la XHTML, ambalo lilikusudiwa kuachana kabisa na kurasa za zamani, halikukamilika. Mwaka 2009 W3C ilitangaza kwamba haitaendelea nalo.

6. Sarufi iliyofuata nyayo

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera waliunda kundi la kazi lililoitwa WHATWG. Mhariri wa kanuni zake kwa miaka mingi alikuwa Ian Hickson. Kundi hilo halikuuliza lugha ingepaswa kuwa vipi. Liliuliza vivinjari vinafanya nini hasa vinapokutana na kurasa zilivyo, pamoja na makosa yake, kisha likaandika jibu hatua kwa hatua. Moja ya misingi iliyoongoza kazi hiyo, iliyochapishwa na W3C mwaka 2007, yashauri kwamba pale watu walipokwisha kukanyaga njia, barabara ijengwe hapohapo.

Matokeo yake, HTML5, yalithibitishwa na W3C mwezi wa Oktoba 2014. Jambo lake kuu si alama mpya za video na sauti zilizosifiwa sana magazetini. Ni kwamba, kwa mara ya kwanza, kosa lilipewa maana moja. Mwandishi akifungua alama ya herufi nene, kisha ya herufi za mlazo, halafu akazifunga kwa mpangilio uliopinda, kanuni yaeleza hatua zote ambazo kivinjari kitapitia, na vivinjari vyote vitafika mahali pamoja. Hii ni sarufi elezi kwa maana kamili ya isimu.

Hata hivyo sarufi hiyo haikuacha kuelekeza. Ilitenganisha kanuni mbili zilizokuwa zikichanganywa: kanuni ya mwandishi na kanuni ya msikilizaji. Mwandishi haruhusiwi tena kutumia alama ile ya maandishi yanayotembea. Lakini kivinjari chaambiwa jinsi ya kuisoma ikikutwa, kwa sababu kurasa za zamani zingalipo. Mwaka 2019 W3C na WHATWG walikubaliana kwamba pawe na kanuni moja tu, itunzwayo na WHATWG na kurekebishwa mfululizo pasipo kungoja toleo jipya.

7. Hatari ya msikilizaji mmoja

Ingefikiriwa kwamba kero imekwisha. Kweli imepungua sana, lakini imebadili sura. Mwaka 2013 Opera iliacha mtambo wake ikachukua ule wa Chromium, ambao ndio msingi wa Chrome. Mwezi wa Januari 2020 Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa kivinjari chake Edge, na tarehe 15 Juni 2022 ikaacha kuitegemeza Internet Explorer 11 katika matoleo mengi ya Windows 10. Mitambo mikubwa iliyobaki ni mitatu: wa Google, wa Apple na wa Mozilla. Katika simu za iPhone, Apple iliwalazimisha wengine wote watumie mtambo wake. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoufungua mlango huo mwezi wa Machi 2024, tena kwa nchi za Umoja huo tu.

Sarufi elezi ina udhaifu mmoja: huandika matumizi, bila kuuliza ni matumizi ya nani. Wasikilizaji wakiwa wengi, matumizi ni mapatano. Akibaki mmoja, matumizi ni amri yake. Jambo hilo lilikwisha kutokea. Internet Explorer 6 ilitoka mwezi wa Agosti 2001. Kwa kuwa ilikuwa imewashinda wapinzani, toleo lililofuata lilingojwa hadi Oktoba 2006, na kwa miaka hiyo mitano lugha nzima ilisimama mahali pake. Firefox, iliyotoka mwezi wa Novemba 2004, ndiyo iliyouanzisha tena mwendo.

Leo fundi anayejaribu ukurasa wake katika Chrome peke yake anarudia kosa la wale waliobandika matangazo ya kivinjari kimoja. Wanaoumia ni walio mbali naye. Ukurasa wa kawaida siku hizi huzidi megabaiti 2. Mtengenezaji mwenye kompyuta mpya na mtandao wa kasi haoni uzito huo. Mwanafunzi wa Kongo, anayesoma kwa simu ya zamani na kununua megabaiti kidogo kidogo, ndiye aulipiaye.

8. Hitimisho

Historia hii inawahusu wataalamu wa Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, yatoa ushahidi kwamba usanifishaji hufaulu pale unapoanzia katika matumizi na kuziweka wazi kanuni mbili, ya kuandika na ya kupokea. Mwalimu anaweza kumfundisha mwanafunzi aandike «wanasema» bila kujifanya kwamba «banasema» haieleweki, au kwamba haina utaratibu wake. Yatoa pia tahadhari: kabla ya kuyaita matumizi fulani kuwa ni ya wote, sharti iulizwe ni nani waliosikilizwa.

Pili, lugha ya kurasa ina mahali pa kutaja lugha ya wanadamu iliyotumiwa. Kila ukurasa unaweza kutangaza, katika alama yake ya kwanza, umeandikwa kwa lugha gani: «fr» kwa Kifaransa, «sw» kwa Kiswahili, na «sw-CD» kwa Kiswahili cha Kongo. Orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 imekwenda mbali zaidi: chini ya msimbo «swa» imeweka «swh» na, peke yake, «swc» kwa Kiswahili cha Kongo. Mwandishi anayenakili kiunzi cha ukurasa kutoka kwingine husahau mara nyingi kubadili tangazo hilo, na matini ya Kiswahili hutembea duniani yakiwa na cheti cha Kiingereza. Kivinjari chaweza kujitolea kuyatafsiri kutoka lugha yasiyoandikwa kwayo, na programu imsomeayo kipofu kwa sauti huyatamka kwa matamshi ya Kiingereza.

Herufi mbili zatosha kuondoa kosa hilo, na hazihitaji ruhusa ya kampuni yoyote. Idara zinazochapisha kazi zao mtandaoni zingefanya vema kuanza na kurasa zao wenyewe. Njia za Kiswahili cha Kongo nazo zitajengewa barabara siku ambapo nyayo zake zitakuwa zimeonekana.